Neno Moja Linalorudiwa: Historia ya Sala Fupi katika Kanisa



Katika sura ya 6 ya Injili ilivyoandikwa na Mathayo, Bwana wetu anawaonya wanafunzi wake wasisali kwa kupayuka, kana kwamba Mungu husikia kwa sababu ya wingi wa maneno. Onyo hilo tunalijua, na mara nyingi tunalisikia likielekezwa kwetu. Jirani wa madhehebu mengine anapita karibu na jumuiya yetu jioni ya mwezi wa Oktoba, anasikia Salamu Maria ya kumi, ya ishirini, ya hamsini, naye anauliza: Je, huku si ndiko kupayuka alikokukataza Yesu? Wakati mwingine swali hilo halitoki kwa jirani. Linatoka ndani yetu wenyewe, pale tunapofika mwisho wa Rozari na kugundua kwamba midomo ilikuwa kanisani lakini akili ilikuwa sokoni.

Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa hasira. Leo tungependa kulijibu kwa njia ya historia, kwa kuwatazama waliotutangulia katika imani: walirudia neno gani, kwa sababu gani, na ni hatari zipi walizoziona njiani.

Tuanze na Injili yenyewe. Mathayo huyohuyo anayetupa onyo la sura ya 6 anatueleza katika sura ya 26 kwamba Bwana, usiku ule wa Getsemani, alikwenda kusali mara tatu, na kwamba mara ya tatu alisali kwa maneno yaleyale. Katika sura ya 10 ya Marko, kipofu Bartimayo anakatazwa na umati asipige kelele, naye anazidi kupaza sauti kwa ombi lilelile, mpaka Yesu anasimama. Katika Luka, mtoza ushuru anasimama mbali na sentensi moja tu kinywani, na ndiye anayerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Zaburi ya 136, waliyoiimba Wayahudi na ambayo Kanisa laiimba hadi leo, ina kiitikio kimoja kinachorudi mara 26. Hapana shaka, basi, kwamba Bwana hakukataza kurudia. Alikataza ile imani ya kipagani kwamba maneno yakirundikwa yatamlazimisha Mungu kutenda, kama vile mtu anavyomchosha hakimu. Baba anajua tunayoyahitaji kabla hatujaomba. Anayerudia neno mbele ya Baba wa namna hiyo analirudia kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, ambao ni mgumu na msahaulifu.

Tuende sasa Misri, katika karne ya 4. Mtakatifu Antoni, aliyefariki mwaka 356, alikuwa ameacha mashamba ya wazazi wake na kwenda jangwani, na maelfu wakamfuata. Watawa hao walijitafutia riziki kwa mikono yao, hasa kwa kusuka kamba, mikeka na vikapu kwa majani ya mitende. Akina mama wetu wanaosuka ukili wanaifahamu vizuri kazi ya namna hiyo. Mikono ikishazoea, huenda yenyewe, na akili hubaki huru kuzurura popote ipendapo. Yasimuliwa kwamba Antoni mwenyewe, akiwa amechoshwa na uvivu wa roho na mawazo mengi, alimwona mtu anayefanana naye ameketi akisuka kamba, kisha akiinuka kusali, kisha akiketi tena kusuka. Akaelewa kwamba huo ndio wokovu wake: kazi na sala zikipokezana.

Lakini mtu asali nini mikono ikiwa kazini, pasipo kitabu? Wazee wa jangwani walijibu: sali kwa maneno machache. Makario wa Misri, mwanzilishi wa makao ya watawa katika bonde la Skete, aliulizwa jinsi ya kusali. Alijibu kwamba hakuna haja ya hotuba ndefu. Mtu anyooshe mikono yake na kumwomba Bwana amhurumie kama Yeye mwenyewe anavyopenda na anavyojua, na vita vya moyoni vikizidi, alie tu kuomba msaada. Habari za sala hizo zilivuka bahari. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, akimwandikia mjane mmoja aitwaye Proba, alitaja kwamba ndugu wa Misri wana sala za mara kwa mara lakini fupi sana, zinazotupwa upesi kama mkuki, ili usikivu wa moyo usije ukafifia kwa kuchelewa. Mzee mwingine, Poimeni, alieleza siri yake kwa mfano. Jiwe ni gumu na maji ni laini, lakini chombo cha maji kikining'inizwa juu ya jiwe na kudondosha tone baada ya tone, jiwe hulika. Vivyo hivyo neno la Mungu juu ya moyo.

Aliyetuandikia mafundisho hayo kwa mapana zaidi ni Yohane Kasiano. Yeye na rafiki yake Jermano waliishi miaka mingi miongoni mwa watawa wa Misri mwishoni mwa karne ile. Katika kitabu chake cha Mazungumzo, sehemu ya 10, anasimulia kisa ambacho twapaswa kukitafakari. Mwaka 399 Theofilo, Patriarka wa Aleksandria, alipeleka barua akikemea mawazo ya wale waliodhani kwamba Mungu ana mwili kama wa binadamu, wenye uso na mikono. Mzee mmoja, Serapioni, mtu wa maisha magumu na matakatifu, alikuwa amesali miaka yote akiwa na sura hiyo akilini. Shemasi msomi alimweleza Maandiko, mzee akasadiki, na wote wakafurahi na kusimama ili wamshukuru Mungu. Ndipo mzee alipojaribu kusali, akakuta ile sura imetoweka na hana mahali pa kuelekeza moyo wake. Akaanguka chini akilia kwa uchungu, akisema kwamba wamemwondolea Mungu wake.

Ndugu wapendwa, machozi ya mzee huyo ndiyo chanzo cha mafundisho tunayoyazungumzia leo. Kasiano na Jermano walihuzunika sana, wakaenda kwa Abba Isaka kumwuliza: ikiwa Mungu hana umbo, basi akili ya mtu mnyonge itamshikaje? Tena wakakiri kwamba akili zao huruka toka zaburi hii hadi ile, toka Injili hadi Nyaraka, wala hazitulii mahali. Abba Isaka hakuwapa sura nyingine mahali pa ile iliyoondolewa. Aliwapa mstari mmoja wa Zaburi ya 70, ule wa mwanzo unaomwomba Mungu aje kuokoa na afanye hima kusaidia. Mstari huo, alisema, unafaa kwa kila hali. Mwenye njaa ya ulafi aulie. Mwenye usingizi wakati wa kusoma aulie. Aliyeshikwa na hasira, aliyekosa usingizi usiku, aliyejawa na furaha na kuogopa kujivuna, wote waulie. Mtu aurudie akiwa kazini, safarini, mezani na kitandani, hata usingizi umkute nao na mapambazuko yamkute nao.

Kisha Abba Isaka akaongeza jambo zito zaidi. Akasema kwamba akili ikiushika mstari huo peke yake, inaachilia utajiri wa mawazo mengi na kukubali ufukara. Hapo ndipo Kasiano anapoiona heri ya kwanza, ile ya maskini wa roho. Kumbe kurudia neno moja ni namna ya kufunga. Mwenye kufunga chakula anaacha sahani nyingi. Mwenye kurudia neno anaacha fikra nyingi, zikiwemo fikra nzuri na za kitakatifu, ili asimame mbele ya Mungu mikono mitupu.

Kasiano alihamia Marseille, kusini mwa Ufaransa ya leo, akaanzisha monasteri mbili na kuandika vitabu vyake katika miaka ya 420. Karne moja baadaye Mtakatifu Benedikto aliagiza katika Kanuni yake kwamba Mazungumzo hayo yasomwe na watawa wake, tena akauweka mstari uleule wa Zaburi ya 70 mwanzoni mwa sala za vipindi. Ndiyo maana hadi leo mapadri na watawa ulimwenguni kote huanza Sala ya Kanisa kwa ombi hilo. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja nalo. Kwa hiyo mstari ulionong'onwa na wasuka mikeka wa Misri umekuwa ukisikika kusini mwa Tanzania kwa zaidi ya miaka 100.

Upande wa Mashariki, mapokeo hayo yalikua kwa kulishika Jina lenyewe la Yesu. Mtakatifu Yohane wa Ngazi, abati wa Mlima Sinai katika karne ya 7, alifundisha kwamba maneno mengi katika sala huitawanya akili, ilhali neno moja huikusanya. Alishauri kumbukumbu ya Yesu iunganishwe na pumzi. Taratibu ikapatikana ile sala ambayo ndugu zetu Waorthodoksi huiita Sala ya Yesu: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi. Ndani yake mna kilio cha Bartimayo na toba ya mtoza ushuru.

Sala hiyo haikukosa wapinzani. Katika miaka ya 1330, Barlaam, mtawa msomi kutoka Calabria katika Italia ya kusini, alisikia kwamba baadhi ya watawa wa Mlima Athos husali wameketi, wameinamisha kichwa kifuani, wakifuatisha sala na pumzi. Aliwadhihaki kwamba wanadhani roho inakaa kitovuni. Aliyewatetea ni Gregori Palamas, mtawa wa mlima huohuo ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tesalonike. Hoja yake ilikuwa ya Maandiko: Mtume Paulo afundisha kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi, kwa nini mwili ufukuzwe wakati wa sala? Sinodi ya Konstantinopoli ya mwaka 1341 iliwaunga mkono watawa, na ile ya 1351 ikathibitisha. Mwaka 1782 maandishi ya wazee hao yalikusanywa na kuchapwa huko Venice katika kitabu kiitwacho Filokalia, na kwa njia yake Sala ya Yesu ikaenea Urusi, hata kwa wakulima na mahujaji.

Nchi za Magharibi nazo hazikulala. Katika karne ya 14, Mwingereza mmoja ambaye hakutaja jina lake aliandika kitabu kiitwacho Wingu la Kutojua. Anafundisha kuchagua neno fupi, kama vile "Mungu" au "upendo", na kulifunga moyoni. Mfano wake kila mmoja wetu anauelewa. Mtu nyumba yake ikishika moto usiku, hasimami uani kutoa hotuba. Hulia neno moja tu, "Moto!", na majirani huamka kwa sababu neno hilo limetoka katika vilindi vya roho yake. Sala fupi, asema mwandishi huyo, hupenya mbingu kwa sababu hiyohiyo.

Rozari yetu nayo imetoka katika hitaji la watu wa kawaida. Watawa waliojua Kilatini waliimba Zaburi zote 150. Ndugu walei na waamini wasiojua kusoma walipewa Baba Yetu, na baadaye Salamu Maria, idadi ileile ya 150, wakizihesabu kwa kamba yenye mafundo au shanga. Mwanzoni mwa karne ya 15, Dominiko wa Prussia, Mkartusiani wa Trier, aliunganisha Salamu Maria na kauli fupi juu ya maisha ya Yesu, na kwa njia hiyo mafumbo yakaingia katika mwendo wa shanga. Papa Pius V aliithibitisha sala hiyo mwaka 1569. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1974, alionya kwamba Rozari isiyo na tafakari ni mwili usio na roho. Tuone basi, wapendwa, kwamba onyo dhidi ya kupayuka halikuletwa kwetu na jirani tu. Baba Mtakatifu mwenyewe alilitoa.

Historia hii ina tukio jingine la karibu zaidi na nyakati zetu. John Main, aliyezaliwa London mwaka 1926, alifanya kazi ya serikali ya kikoloni huko Malaya katika miaka ya 1950. Huko alimfahamu Swami Satyananda, mtawa wa Kihindu aliyehudumia yatima, akamwomba amfundishe kutafakari. Swami alimwambia achague neno la Kikristo na kulirudia kila siku, asubuhi na jioni. Mwaka 1959 John Main aliingia utawa wa Kibenediktini huko Ealing, na mlezi wa wanovisi akamwagiza aiache njia hiyo kwa kuwa si ya Kikristo. Alitii. Miaka ilipita, naye alipomsoma tena Kasiano, akakuta katika Mazungumzo ya 10 mafundisho yaleyale aliyoyapata Malaya: neno moja, likirudiwa bila kuchoka. Kito kilikuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, kimefunikwa na vumbi. Mwaka 1975 alianzisha Ealing kituo cha kutafakari. Mwaka 1977 alihamia Montreal, na huko alifariki mwaka 1982. Neno alilowafundisha watu ni "Maranatha", neno la Kiaramu ambalo Mtume Paulo analiweka mwishoni mwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, lenye maana ya Bwana, njoo.

Kisa hicho kinatufundisha heshima kwa majirani. Wahindu na Wabudha hurudia maneno matakatifu, na ndugu zetu Waislamu, hasa hapa pwani, tunawaona na tasbihi ya punje 33 au 99 wakimkumbuka Mungu katika dhikiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, wasema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Lakini heshima haitufanyi tusahau tofauti. Barua iliyotolewa Roma tarehe 15 Oktoba 1989 na Idara ya Mafundisho ya Imani ilikubali kwamba njia fulani za kutuliza mwili zaweza kumsaidia Mkristo, ila ikaonya kwamba utulivu wa mwili na hisia tamu si lazima uwe faraja ya Roho Mtakatifu.

Onyo hilo lina msingi. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na daktari Luciano Bernardi wa Italia walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya watu 23. Waliposali Rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilipungua hadi takribani 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mwendo wa utulivu. Waliporudia maneno ya sala ya Kibudha, matokeo yalikuwa yaleyale. Tusiogope habari hii. Mwili uliumbwa na Mungu, nao hutulia mtu anaporudia neno kwa mpango. Lakini pumzi iliyotulia ni uwanja uliofagiwa tu. Mgeni hajafika bado. Sala huanza pale tunapomgeukia Yule tunayemwita, na alama ya kwamba amepokelewa ni upendo. Mtu akimaliza Rozari akatoka nje na kumtukana jirani, shanga zake zimehesabiwa, moyo haujaguswa.

Kwa hiyo jirani anayetuuliza tumjibu kwa upole: ndiyo, yawezekana tunapayuka, kila mara tunapokimbiza maneno ili tumalize. Lakini kurudia kwenyewe tumekupokea kwa Bwana aliyesali Getsemani kwa maneno yaleyale.

Nanyi makatekista, mnaopeleka Komunyo pamoja na mapadri kwa wagonjwa na wazee, mnalijua jambo moja ambalo wasomi hulisahau. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu, asiyemtambua hata mwanawe, akisikia "Salamu Maria" midomo yake huanza kusogea. Hotuba zote alizosikia zimetoweka. Neno alilolirudia miaka 60 limebaki, kama njia ya miguu inayoonekana shambani hata baada ya mavuno. Serapioni alilia kwa kuwa hakuwa na kitu cha kushika baada ya sura kutoweka. Siku itakuja ambapo kila mmoja wetu ataondolewa sura zake, nguvu zake na hata mawazo yake. Neno la kushika siku hiyo halitafutwi siku hiyo. Linapandwa leo.

Basi, wiki hii tufanye hivi. Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni kabla ya kulala, tuketi kimya kwa dakika 10. Tuchague neno moja: Jina la Yesu, au Maranatha, au ombi la mtoza ushuru. Tulirudie polepole pamoja na pumzi. Akili ikienda sokoni, tusiigombeze, wala tusikate tamaa. Tuirudishe kwa neno lilelile, hata ikitubidi mara 100. Kila kurudi ni tendo la upendo, na Mungu, asiyehitaji maneno yetu, anapokea kurudi kwetu.

Bwana Yesu, aliyesali usiku ule akiwa peke yake wakati rafiki zake wamelala, atufundishe kukesha naye. Amina.